Chungu Kimoja cha Futari: Lishe ya Familia Yenye Mgonjwa wa Kisukari Mkoani Katavi

Utangulizi

Katika Manispaa ya Mpanda, kama ilivyo kwingine nchini, mwezi wa Ramadhani hubadili saa za jiko. Moto uliozoea kuwashwa mchana huwashwa alasiri, nao mpishi huandaa chakula ambacho hatakionja mpaka jua lizame. Mlo huo wa kufuturu hukutanisha nyumba nzima: watoto, wazee, mama mjamzito, na mara nyingi mtu mmoja au zaidi anayeishi na kisukari au shinikizo la juu la damu.

Ushauri anaopewa mgonjwa wa namna hiyo zahanatini aghalabu humhusu yeye peke yake: apunguze hiki, aache kile. Hata hivyo, mgonjwa huyo hali peke yake, na mara nyingi si yeye apikaye. Somo hili linamlenga yule anayeshika mwiko. Linaeleza jinsi chungu kimoja cha futari kinavyoweza kumfaa mgonjwa na mzima, pasipo mtu kutengwa na sinia la wenzake, na pasipo gharama ambayo familia haiwezi kuibeba.

Mwili wa mtu aliyefunga

Tanzania iko karibu na Ikweta, hivyo muda wa kufunga haubadiliki sana mwaka hadi mwaka. Tangu alfajiri hadi magharibi hupita saa 13 na nusu hivi. Katika saa za mwanzo mwili hutumia sukari iliyotokana na daku. Ikiisha, ini hutoa sukari iliyokuwa akiba, kisha mwili huanza kutumia mafuta. Kwa mtu mwenye afya, mabadiliko hayo hutokea bila madhara.

Kwa mtu mwenye kisukari hali ni tofauti. Baadhi ya vidonge, kama vile glibenklamaidi, huchochea kongosho kutoa insulini hata pale ambapo hakuna chakula tumboni. Insulini ya sindano nayo huendelea kufanya kazi vivyo hivyo. Matokeo yake sukari huweza kushuka mno saa za jioni, kisha ikapanda mno baada ya futari nzito. Utafiti wa EPIDIAR, uliofanyika mwaka 2001 katika nchi 13 na kuwahusisha watu 12,243 wenye kisukari, ulionyesha kwamba kushuka kwa sukari kwa kiwango cha hatari kuliongezeka wakati wa Ramadhani: mara 4.7 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, na mara 7.5 kwa wenye aina ya pili. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba wagonjwa wengi hufunga licha ya maradhi yao. Kwa hiyo, mtoa huduma anayenyamaza kwa kudhani kuwa mgonjwa hatafunga humwacha bila msaada.

Mfano wa kujifunzia

Tuchukue familia ya kufikirika yenye watu 6 katika mtaa mmoja wa Mpanda. Bibi wa nyumba hiyo ana miaka 63 na anatumia vidonge vya kisukari. Mpishi ni mkwewe. Siku ya tisa ya mfungo, saa 12:15 jioni, bibi anaanza kutokwa jasho jembamba na mikono inamtetemeka. Anajibu maswali kwa kuchelewa.

«Mama, tafadhali unywe maji ya sukari,» mkwewe anamsihi.

«Zimebaki dakika chache, mwanangu. Adhana imekaribia.»

Adhana anayoitaja bibi ni ile ya redioni, itokayo Dar es Salaam. Lakini Mpanda iko mbali upande wa magharibi, na jua huzama huko yapata nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam. Katika miezi ya Februari na Machi, magharibi ya Mpanda huingia baada ya saa 1 usiku. Dakika chache alizozihesabu bibi zilikuwa karibu saa nzima.

Kipimo cha kidole kinaonyesha sukari ya milimoli 3.4 kwa lita. Mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari na Muungano wa DAR, uliohuishwa mwaka 2021, unaelekeza kwamba mtu aliyefunga akatishe saumu mara moja sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, ikipanda zaidi ya 16.6, au dalili zikijitokeza. Mwongozo hauweki kando dakika za mwisho. Sukari inayoendelea kushuka huweza kuleta degedege, kupoteza fahamu na kifo. Bibi anakunywa maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari. Baada ya dakika 15 anapimwa tena, na sukari imepanda.

Kesho yake katika kituo cha afya sababu zinabainika. Bibi hakuwa akila daku, kwa kuwa shibe ya futari ilimfanya alale mpaka asubuhi. Vidonge vyake alivimeza alfajiri kwa kipimo kilekile cha siku zote. Tena, alipopimwa nyumbani saa mbili baada ya kufuturu siku chache kabla, sukari yake ilikuwa 17. Mtu yuleyule alikuwa na sukari nyingi usiku na chache jioni. Matatizo hayo mawili yalianzia katika sinia moja.

Majina sita, kundi moja

Futari ya nyumba hiyo ilikuwa na mihogo, viazi vitamu, ndizi za kupika, tambi, kaimati, na uji uliotiwa sukari. Kwa macho, ni mlo wa aina nyingi. Kwa mwili, karibu vyote ni kundi moja: wanga na sukari. Gramu 100 za muhogo uliochemshwa zina wanga wa takriban gramu 38. Vipande viwili vikubwa, pamoja na kiazi, bakuli la uji na kaimati chache, hufanya mzigo ambao kongosho lililochoka haliwezi kuubeba kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, lakini mihogo, viazi na ndizi za kupika hazihesabiwi humo.

Kanuni ya kwanza kwa mpishi, basi, ni hii: wanga wa aina moja kwa jioni moja. Leo mihogo, kesho viazi vitamu, keshokutwa wali wa mchele wa Mpimbwe. Fedha na mkaa vilivyookolewa kwa kuacha aina nyingine vielekezwe kwenye vyungu viwili vinavyosahaulika, yaani cha jamii ya kunde na cha mboga za majani.

Katavi ina vitu hivyo. Maharage, kunde na karanga hulimwa mkoani, na dagaa na migebuka hutoka Ziwa Tanganyika. Kwa miaka hii Ramadhani huangukia msimu wa mvua, wakati mchicha, matembele na majani ya maboga hupatikana kwa wepesi. Nazi husafiri kutoka pwani, hivyo familia isijione imepungukiwa ikikosa. Karanga zilizotwangwa huunga mboga vizuri, na mafuta yake ni bora kwa moyo kuliko ya nazi au mawese. Zilizoota ukungu, kusinyaa au kubadilika rangi zitupwe, kwani huweza kuwa na sumukuvu, na kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Jikoni

Maharage yalowekwe usiku, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemshwe kwa moto mkali mpaka yaive kabisa. Kuloweka hupunguza mkaa na gesi tumboni. Muhogo mchungu usichemshwe mbichi kwa futari, kwa sababu una sumu inayohitaji kuondolewa kwa kuloweka na kukausha.

Chumvi inahitaji uangalifu wa pekee. Mpishi aliyefunga hukadiria chumvi kwa macho, na anayehofia chakula kupooza huongeza. Kijiko kinamsaidia kuliko ulimi. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai. Kwa watu 6, vyungu vyote vya futari vitiwe vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, ili ibaki nafasi ya chumvi ya daku. Samaki aliyehifadhiwa kwa chumvi alowekwe na maji yake yamwagwe. Ndimu, tangawizi, vitunguu na pilipili manga vitakamilisha ladha.

Mafuta nayo yapimwe. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote kina takriban kilokalori 120. Kaimati, sambusa na bagia zikipikwa mara moja au mbili kwa wiki badala ya kila siku, zitabaki kuwa furaha ya mwezi bila kuwa mzigo wake. Chakula kilichopikwa mapema kisikae vuguvugu kwa zaidi ya saa mbili, na kinachobaki kwa daku kipashwe moto mpaka kichemke.

Asali ya Katavi, hasa ya Inyonga, ina sifa yake, na wagonjwa wengi huiona kuwa mbadala salama wa sukari. Ukweli ni kwamba kijiko kimoja cha chakula cha asali kina sukari ya gramu 17 hivi. Inafaa kumwokoa mtu ambaye sukari yake imeshuka na bado ana fahamu. Haifai kutiwa katika uji wa kila jioni wa mwenye kisukari.

Mezani

Tende moja hadi tatu na maji vinatosha kufungulia. Baada ya sala, mlo ufuate. Kwa mwenye kisukari, nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe maharage, samaki au nyama, na robo iliyobaki iwe wanga. Kipimo cha wanga kisizidi ngumi yake.

Ugumu huja pale familia inapokula katika sinia moja. Kumpakulia mgonjwa sahani yake pembeni humlinda, lakini humfanya ajione mgeni katika nyumba yake. Njia nafuu ni kubadili mpangilio wa sinia lenyewe: mboga zijaze nusu, kitoweo robo, wanga robo, na kila mmoja ale sehemu iliyo mbele yake katika kila fungu. Wenye afya na watoto wanaohitaji zaidi wataongezewa wanga kutoka chunguni. Kwa namna hiyo mgonjwa hula kile wanachokula wengine, nao wengine hupata kinga dhidi ya ugonjwa ambao huenda wamerithi mwelekeo wake.

Maji yanywewe kidogo kidogo tangu futari hadi daku, yakiwa yamechemshwa au kutibiwa. Daku isiachwe, na iliwe karibu na alfajiri. Ugali wa dona kwa maharage na mboga hukaa tumboni muda mrefu kuliko chai tamu na maandazi.

Wajibu wa mtoa huduma

Mazungumzo yaanze wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani, na mpishi wa nyumba aalikwe. Mtoa huduma apime uwezo wa mgonjwa wa kufunga, apange upya saa na vipimo vya dawa, na amfundishe kupima sukari. Wanazuoni wengi wanakubali kwamba kuchoma kidole hakubatilishi saumu. Mgonjwa asijipunguzie wala kujiachia dawa mwenyewe. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mjamzito mwenye kisukari, mwenye ugonjwa mkubwa wa figo, na aliyewahi kupoteza fahamu kwa sukari kushuka hivi karibuni wamo katika kundi la hatari kubwa, na hushauriwa wasifunge.

Ushauri huo haupingani na dini. Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, imewapa wagonjwa na wasafiri ruhusa ya kutofunga. Mtoa huduma na imamu wakizungumza kwa sauti moja, mgonjwa hatalazimika kuchagua kati ya ibada na uhai wake.

Dalili za kukatisha saumu mara moja ni hizi: kutetemeka, jasho lisilo na sababu, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, kizunguzungu kikali, au kiu kali inayoambatana na kukojoa sana na kutapika. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, kwa kuwa huweza kupaliwa. Alazwe kwa ubavu na apelekwe haraka kituo cha afya.

Hitimisho

Katika mfano wetu, bibi alipangiwa dawa upya na alishauriwa kupumzika kufunga mpaka sukari yake itulie. Mkwewe alibaki na vyungu vitatu badala ya sita. Jioni iliyofuata bibi hakuwa amefunga, lakini magharibi ya Mpanda ilipoingia aliketi mahali pake palepale, mbele ya sinia lilelile, akala pamoja na wajukuu wake.

Maswali ya majadiliano

1. Andika vyakula vyote vilivyokuwamo katika futari ya mwisho nyumbani kwako au kwa mgonjwa wako. Vingapi ni vya kundi la wanga?
2. Nani anapima chumvi na mafuta nyumbani, na anatumia kipimo gani?
3. Dalili za sukari kushuka zikitokea robo saa kabla ya magharibi, nani nyumbani ana mamlaka ya kumshawishi mgonjwa akatishe saumu, na ameandaliwa vipi kwa jukumu hilo?