SOMO LA ROBO HII: Kupanda Miti Siyo Sawa na Kutunza Msitu

Wapendwa wanakamati wa sharika na wafadhili wetu,

Taarifa nyingi tunazopokea hutaja idadi ya miche iliyopandwa. Ni jambo jema, lakini halitoshi. Tujifunze kutoka msitu wa Amani, Usambara Mashariki, wilayani Muheza.

Msitu ule ni wa kale sana. Mvua zitokanazo na Bahari ya Hindi zimeutunza kwa mamilioni ya miaka, ndiyo maana una mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine duniani. Maji yake huingia mto Zigi, unaotegemewa na Jiji la Tanga.

Mti ulioletwa kwa nia njema

Mwanzoni mwa karne ya 20 uliletwa Amani mti uitwao kitaalamu Maesopsis eminii. Waganda huuita musizi. Hukua haraka na hutoa mbao. Kagera ni mti wa asili, lakini Usambara ulikuwa mgeni. Wavuna mbao walipoacha mapengo msituni, mti huu upendao mwanga ukayajaza. Hondohondo hula matunda yake na kudondosha mbegu mbali. Kuuondoa sasa ni kazi ngumu, kwani kila unaokatwa hufungua pengo jingine.

Ndege nao ni wapandaji

Mwaka 2003 watafiti Norbert Cordeiro na Henry Howe walichapisha utafiti juu ya mti wa asili wa milima hiyo, Leptonychia usambarensis. Katika vipande vidogo vya msitu vilivyozungukwa na mashamba, ndege wanaobeba mbegu zake walikuwa wachache. Mbegu nyingi zilibaki chini ya mti mama, na miche michache tu iliota mbali naye. Kwa hiyo msitu unaweza kuonekana wa kijani ukiwa barabarani, kumbe umeanza kukosa watoto.

Ndiyo sababu, baada ya Hifadhi ya Amani kuanzishwa mwaka 1997, ilionekana lazima kulinda ushoroba wa Derema ili misitu iungane. Lakini humo kulikuwa na mashamba ya iliki. Wakulima zaidi ya 1,000 walihusika na fidia, na wengi walilalamika kuwa haikutosha. Hapa wafadhili wetu waone kwamba bajeti ya msitu isiyo na fungu la watu haijakamilika.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Miche tunayoombea fedha ni ya aina gani? Nani amethibitisha kuwa inafaa mahali petu?
2. Je, karibu na usharika kuna vipande vya msitu wa asili vinavyoweza kuunganishwa?
3. Nani atapoteza shamba au kuni, na tumempangia nini kabla ya kuanza?

Tafadhali ambatanisheni majibu na taarifa yenu ya robo ijayo. Tutayasoma kabla ya kuhesabu miche.

Mratibu wa Miradi, Dayosisi