Bastola fupi ya 45: yatengeneze haya kabla ya kuifunga kiunoni

Mtu anayeingia duka la silaha Marekani kutafuta bastola ya kubeba chini ya shati huwa anataka mambo mawili yasiyokaa pamoja kwa urahisi. Anataka silaha ndogo isiyoonekana, na anataka risasi kubwa, ile ya 45 ambayo John Browning aliibuni mwanzoni mwa karne ya ishirini na ambayo jeshi la Marekani liliitumia kwenye bastola yake ya M1911. Viwanda vimemsikia. Glock 30 ilitoka 1997, Springfield XD-S ikafuata 2012, na Shield ya 45 ya Smith & Wesson 2016. Ni silaha nzuri, na wapo walioibeba mojawapo kwa miaka mingi wasitamani nyingine. Lakini wengi huzinunua kwa sababu ya unene wa risasi, kisha huziacha kabatini baada ya kupiga magazini mbili tatu. Ninaandika ili usiwe mmoja wao, na zaidi ya hapo, ili usimuumize mtu asiye na hatia.

Kwa Mswahili anayeishi Marekani, kwanza kabisa ni hadhi yake ya uhamiaji. Sheria ya taifa inamkataza aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya mwanafunzi au mgeni, kumiliki bunduki au hata risasi, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache, kwa mfano mwenye leseni halali ya uwindaji. Hata kuishika tu kwenye uwanja wa shabaha kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuimiliki. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa na sheria ya taifa, lakini kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini. Kama hadhi yako si miongoni mwa hizo, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kugusa chochote. Kisha soma sheria ya jimbo lako. Texas tangu Septemba 2021 inawaruhusu watu wazima wengi kubeba bila leseni. Illinois inadai mafunzo ya saa 16. Minnesota inadai kibali. Leseni ya jimbo moja huenda isitambuliwe ukivuka mpaka, kwa hiyo safari ya kwenda harusini jimbo la jirani nayo inahitaji kuulizia.

Sasa bastola yenyewe. Kichwa cha kawaida cha risasi ya 45 kina uzito wa gramu 15 hivi na hutoka kwa mwendo wa mita 255 kwa sekunde au karibu na hapo. Cha milimita tisa kina gramu 8 na hutoka kwa mita 350 hivi. Ukizidisha uzito kwa mwendo, 45 inausukuma mkono zaidi ya tisa kwa theluthi moja na ushee. Katika bastola kubwa ya chuma msukumo huo humezwa na uzito wa silaha. XD-S haina uzito huo: haifiki gramu 650 ikiwa tupu, mtutu wake ni milimita 84, na mpini mfupi unakiacha kidole cha mwisho kikining'inia hewani. Teke lote linaingia kwenye vidole viwili na kifundo cha mkono. Glock 30 ni nene na nzito zaidi, karibu kilo nzima ikijaa risasi 10, na kwa sababu hiyo hiyo ni mpole zaidi mkononi. Wenye bastola hizi wengi wanasema jambo moja: risasi ya kwanza haiwasumbui, ya pili ndiyo inayochelewa, maana mtutu umeruka juu na mpini umehama kiganjani.

Kwa hiyo usinunue kwa kuitazama kwenye kabati la kioo. Viwanja vingi vya shabaha hukodisha bastola. Kodi hiyo fupi ya 45, na siku hiyo hiyo kodi ya tisa yenye umbo la karibu, kama SIG P365 iliyotoka 2018. Weka shabaha mita tano au saba mbele, piga tano tano kwa haraka unayoweza kuidhibiti, halafu linganisha makundi ya matundu. Kama ya 45 yametawanyika hadi nje ya ukubwa wa sahani ya chai na ya tisa yamekaa ndani, karatasi imekwisha kukujibu. FBI wenyewe waliitumia risasi ya .40 tangu miaka ya 1990, kisha katikati ya miaka ya 2010 wakarudi kwenye tisa. Miongoni mwa sababu walizotoa ni kwamba maafisa wengi hupiga kwa haraka na kwa usahihi zaidi wakiwa na tisa, na kwamba risasi za kisasa zimepunguza sana tofauti ya nguvu baina yao. Sisemi 45 ni kosa. Nasema lazima uistahili kwa mkono wako.

Ukibaki na 45, mshiko ndio kazi yako ya kila wiki. Shika juu kabisa ya mpini, kiganja cha pili kizibe nafasi iliyobaki, vifundo vikaze na viwiko visilegee. Mkono uliolegea huinyima slaidi kitu cha kusukumana nacho, haifiki mwisho wa safari yake, na ganda linakwama mlangoni. Mwenye silaha huilaumu bastola au risasi wakati tatizo ni kifundo. Magazini yenye kitako kirefu, kinachokipa kidole cha mwisho mahali pa kukaa, hubadilisha mambo sana kuliko bei yake. Glock 30 inapokea hata magazini ya risasi 13 ya Glock 21, na hiyo ni nzuri kwa akiba.

Springi za bastola hizi fupi ni ngumu, na wazee au wenye mikono midogo hushindwa kukoki kwa kubana kwa vidole viwili. Ikamate slaidi kwa kiganja chote kutoka juu, bila kuziba tundu la kutolea maganda, kisha usukume mpini mbele wakati mkono wa pili unavuta nyuma. Mtutu uelekee mahali salama, na kidole kikae nje ya kifyatulio muda wote.

Risasi za 45 kwa kawaida ni ghali kuliko za tisa, na hapa ndipo nia njema za wengi hufia. Panga bajeti ya risasi kabla ya bajeti ya bastola. Mazoezi mengine hayagharimu kitu: toa magazini, kagua chemba kwa jicho na kwa kidole, peleka risasi zote chumba kingine, kisha fanya mazoezi ya kuvuta kifyatulio polepole ukiielekeza bastola kwenye ukuta ambao risasi haiwezi kuupenya. Ukimaliza, umemaliza, usirudishe risasi halafu ukasema moja ya mwisho.

Risasi ya kujihami ni ile yenye tundu kichwani, inayofunguka ikiingia, na hivyo haielekei kupita na kumfikia aliye nyuma. Kufunguka huko kunategemea mwendo, na mtutu mfupi huupunguza. Tafuta zilizotengenezwa kwa mitutu mifupi, kama Speer Gold Dot Short Barrel. Zipige za kutosha kwenye bastola yako mwenyewe, angalau 50, baada ya 200 za mazoezi zilizopita bila kukwama. Na hili watu hulisahau: ukiitoa na kuirudisha risasi ile ile chembani kila jioni na asubuhi, kichwa chake hugongwa kidogo kidogo hadi kinazama ndani ya ganda. Risasi ikifupika hivyo, shinikizo linapanda. Isimamishe kando ya risasi mpya. Ikiwa fupi kuliko mwenzake, usiipige.

Kuhusu ala, sina mjadala. Iwe ngumu, ya plastiki iliyofinyangwa kwa umbo la bastola hiyo hiyo au ya ngozi nene isiyokunjika, ikifunika kifyatulio chote, na mdomo wake usijifunge bastola ikitoka. Ivae juu ya mkanda mpana na mgumu, kwa sababu mkanda wa kawaida wa suruali huachia karibu kilo ya chuma ikayumba, na inayoyumba ndiyo inayoonekana chini ya shati. Ala ya tumboni huficha vizuri ukisimama, humchoma mnene akikaa. Ya nyuma ya nyonga ya kulia hukaa vyema garini lakini hutokeza ukiinama. Jaribu zote nyumbani na bastola tupu. Unapoirudisha ndani, fanya polepole na utazame: pindo la fulana likiingia mbele ya kifyatulio linatosha kukufyatulia.

Usiibebe kwenye mkoba wala begi. Desemba 2014, ndani ya duka la Walmart mji wa Hayden, Idaho, mtoto wa miaka miwili alifikia mkoba wa mama yake, akaifyatua bastola iliyokuwamo, na mama akafa papo hapo. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walizikuta bunduki zaidi ya 6,700 kwenye mizigo ya mkononi, nyingi zikiwa na risasi, na kauli ya kawaida ya wenyewe ni kwamba walisahau. Iliyo kiunoni haisahauliki. Ukifika nyumbani, ivue pamoja na ala yake na uitie moja kwa moja kwenye sefu ndogo ya namba. Si juu ya friji wala chini ya godoro. Watoto wanapajua pote huko.

Jasho la Houston au Dar es Salaam ni jasho lile lile kwa chuma. Pangusa na utie tone la mafuta kila wiki, na ubadilishe springi ya slaidi mapema kuliko ungefanya kwenye bastola ndefu, hasa zile M1911 zilizofupishwa hadi mtutu wa inchi tatu. Ukinunua iliyotumika, peleka namba yake kwa kiwanda waikague: XD-S za mtutu wa inchi 3.3 ziliitwa zirudishwe Agosti 2013 kwa hitilafu ya usalama, na ya zamani bado inaweza kukuangukia mikononi.

Limebaki la polisi barabarani, na kwa mtu mweusi si dogo. Julai 2016, Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile alimwambia afisa kwa adabu kwamba ana bastola, naye alikuwa na kibali. Alipigwa risasi akiwa amekaa garini mwake, na afisa akaachiwa na mahakama mwaka uliofuata. Kufuata sheria hakumtoshi kila mtu, na inaniuma kuliandika hilo kwenye makala ya ushauri. Michigan inataka umwambie afisa papo hapo, Minnesota akikuuliza. Popote ulipo, washa taa ya ndani, teremsha kioo, weka mikono juu ya usukani, na usielekeze mkono popote kabla hujaambiwa. Usitaje bunduki huku mkono ukienda mfukoni. Na panga vitu vyako tangu asubuhi: bastola ikikaa nyonga ya kulia, pochi yenye leseni ya udereva na ya silaha ikae mfuko wa kifuani upande wa kushoto.