Kulinda Kidonda cha Khitani Hata Kipone

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, khitani ni katika mambo ya maumbile safi aliyoyataja Mtume wetu s.a.w., na katika madhehebu ya Imamu Shafii ni wajibu juu ya mwanamume akisha baleghe, na yapendeza mtoto atahiriwe siku ya saba ya kuzaliwa kwake. Watu wa pwani wameyajua haya tangu kale, wakawa na kumbi zao na ngariba zao. Lakini ujuzi wa kukata ni mmoja, na ujuzi wa kuponya ni wa pili, na wengi wameushika ule wa kwanza wakauacha huu wa pili. Kukata ni kazi ya nusu saa. Kupona ni kazi ya wiki sita. Na madhara mengi hayaji pamoja na kisu, bali huja nyuma yake, mshereheshaji akisha kwenda zake na pilau ikisha liwa.

HABARI ZA BUKOBA NA MULEBA

Wahaya, ambao ndio wenyeji wa Bukoba na Muleba, hawakuwa na ada ya kutahiri katika mila yao. Uislamu ulifika pande hizo kwa njia ya biashara. Katika karne ya 19 Waarabu na Waswahili waliotoka pwani walikuwa na kituo Kafuro, katika nchi ya Karagwe, karibu na makao ya Mfalme Rumanyika; na msafiri Speke wa Uingereza alipopita huko mwaka 1861 alikuta njia hiyo ya biashara imekwisha funguliwa. Basi khitani ikawa katika nchi hiyo ni alama ya Muislamu.

Kisha hali ikageuka. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, na maradhi hayo yakaacha mayatima wengi katika vijiji vya migomba. Baadaye matabibu walifanya majaribio matatu makubwa: Orange Farm katika Afrika Kusini, ambayo habari yake ilitolewa mwaka 2005, Kisumu katika Kenya, na Rakai katika Uganda, wilaya inayopakana na Kagera, ambayo habari zake zilitolewa mwaka 2007. Yote matatu yalionyesha kwamba mwanamume aliyetahiriwa hupungukiwa na hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa kadiri ya asilimia 50 hadi 60. Mwaka huo huo wa 2007 Shirika la Afya la Ulimwengu likatoa shauri kwamba tohara itumiwe katika nchi zenye maradhi mengi na tohara chache. Na kuanzia mwaka 2010 serikali ya Tanzania ikauingiza mkoa wa Kagera katika mpango wa tohara ya hiari hospitalini. Basi vijana na watu wazima, Waislamu na wasio Waislamu, wakajipanga mbele ya matabibu.

Tanbihi. Asidhani mtu kwamba khitani ni ngao ifunikayo mwili wote. Asilimia 60 si mia. Zinaa ni haramu kwa aliyetahiriwa kama ilivyo haramu kwa asiyetahiriwa, na atakayeifanya khitani kuwa rukhusa ya uasherati amepoteza dini yake na afya yake kwa pamoja.

FASLU YA KWANZA: KABLA YA KUKATWA

Mtu mzima anayeingia katika Uislamu, au aliyekuwa Muislamu na hakutahiriwa utotoni, asione haya. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Nabii Ibrahim a.s. alijitahiri naye ni mtu wa miaka 80. Wala wenziwe wasimcheke, kwani kicheko cha msikitini kimewakimbiza wengi wasiitimize wajibu huu.

Akiwa ni mgonjwa au dhaifu, akahofiwa kudhurika, basi wanavyuoni wa madhehebu wamesema angoje hata apate nguvu. Na mwenye kumtahiri mtu katika hali asiyoweza kuistahimili huingia katika dhamana ya madhara yake. Vilevile imepokewa kwamba ajifanyaye tabibu naye hajulikani kwa utabibu, hudhamini alichokiharibu. Basi wembe mmoja unaopitishwa kwa watoto kumi kwa kupanguswa tu na kitambaa ni dhambi na hatari, kwani damu ya mmoja huchukua maradhi hata kwa mwenziwe, na katika hayo ni UKIMWI na maradhi ya ini. Wembe au kisu kiwe kipya, au kiwe kimechemshwa kwa mvuke katika chombo cha matabibu.

Tabibu aelezwe kama katika ukoo kuna watu ambao damu yao haigandi upesi. Naye huuliza habari ya chanjo ya pepopunda, na jambo hili wanaume wengi wamelighafilika. Wanawake huchanjwa wanapochukua mimba, na watoto huchanjwa wangali wachanga. Ama mwanamume, chanjo ya utotoni hupungua nguvu kadiri miaka ipitavyo, wala hapana siku aitwayo aongezewe. Kwa hiyo aulize mwenyewe, wala asingoje kuulizwa.

Ama kuonekana uchi na mganga, asili yake ni haramu, na dharura ya matibabu huihalalisha kwa kadiri ya haja. Akipatikana mwanamume mjuzi, ndiye wa kwanza kutafutwa. Asipopatikana, muuguzi mwanamke mjuzi ni bora kuliko mwanamume asiyejua kazi.

FASLU YA PILI: SIKU ZA MWANZO

Ganzi ya sindano hutoka baada ya saa chache, ndipo maumivu huanza. Dawa yake ni vidonge vya parasetamo kwa kipimo alichopewa. Aspirini asiitumie, kwani huizuia damu isigande. Siku mbili za mwanzo apumzike, na bandeji ikae kavu. Dhakari ielekezwe juu upande wa kitovu, ili uvimbe upungue. Baada ya saa 48 arudi kwa tabibu afunguliwe, wala asiivute bandeji iliyoshikamana na damu. Kisha arudi tena siku ya saba atazamwe.

Akisha funguliwa, aoshe kidonda taratibu mara mbili kwa siku kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kisha akaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi, asisugue. Nyuzi za hospitali kwa kawaida huyeyuka zenyewe katika wiki mbili au tatu. Asizikate wala asizivute. Uvimbe mdogo, na maji membamba ya manjano yanayokauka yakawa gaga, ni katika kupona, si usaha.

Nguo iliyo bora ni ile watu wa pwani waliyo nayo tangu zamani: kikoi au kanzu pana. Lakini Bukoba ni nchi ya mvua nyingi, ipatayo kama milimita 2,000 kwa mwaka, na nguo haikauki upesi. Basi awe na nguo kadhaa za kubadili, na zipigwe pasi ya moto. Nguo mbichi juu ya kidonda ni makao ya vidudu.

Maji ya Ziwa Viktoria asiyaingie hata kidonda kifunge. Wavuvi wa Bumbire na Goziba, ambao kazi yao ni majini, hawana budi kuipanga khitani katika siku wawezazo kukaa nchi kavu. Na abebaye mikungu ya ndizi kwa baiskeli aiache baiskeli yake hata tabibu ampe ruhusa, kwani tandiko husugua, na mzigo hufungua kilichofunga.

FASLU YA TATU: JIVU, UDONGO NA SAMADI

Katika pwani na katika bara, wako watu ambao kidonda kikitoka damu hukitia jivu, au udongo, au unga wa majani, au kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Hili ni jambo la kuua. Pepopunda hutokana na kidudu ambacho mbegu zake hukaa katika udongo, na zaidi katika udongo wenye samadi. Mbegu hizo hazifi kwa jua wala kwa kukauka, nazo huweza kukaa miaka. Zikiingia katika kidonda kisichopata hewa, hutoa sumu inayoshika mishipa ya fahamu.

Sasa na atazame mwenye akili hali ya nchi ya Buhaya. Kibanja cha migomba hustawi kwa samadi ya ng'ombe. Ndiyo iliyoilisha migomba hiyo kwa vizazi vingi. Neema hiyo hiyo ya shamba ni hatari ya kidonda. Basi mwenye kidonda asikae chini juu ya udongo wala juu ya nyasi za sakafuni, na asikiguse kidonda ila akisha nawa mikono kwa sabuni. Mtoto asiachwe kucheza uchi kibanjani kwa kisingizio kwamba upepo humponya.

Dalili za pepopunda kwa kawaida huonekana baina ya siku ya 3 na siku ya 21: taya hukaza, kumeza kukawa kugumu, shingo na mgongo vikakakamaa, na mwili ukashtuka kwa sauti au kwa mguso. Huenda kidonda kwa nje kikaonekana kizuri, watu wakasema amepagawa na pepo kwa sababu ya jina la maradhi. La, hasha! Hili si la kupunga wala la kufukiza ubani. Ni la kukimbilia hospitali saa ile ile, iwe ni ya mkoa Bukoba, au Rubya, au Ndolage katika Muleba, iliyo karibu. Kusoma dua ni kwema, na kusomwe njiani.

Kinachopaswa kumrudisha mtu kwa tabibu bila kungoja ni hiki pia: damu isiyokoma baada ya kubanwa kwa kitambaa safi muda wa dakika 10 hadi 15, uvimbe unaozidi badala ya kupungua, usaha wenye harufu, homa, kushindwa kukojoa, na kichwa cha dhakari kugeuka rangi kikawa cheusi.

FASLU YA NNE: TOHARA NA SALA

Wako wanaoacha sala wiki nzima kwa kusema kwamba wana damu na bandeji. Hawana udhuru huo. Sala haimwondokei mtu maadamu ana akili, bali huja kwa namna awezayo: asiyeweza kusimama akae, na asiyeweza kukaa alale. Sala ya Ijumaa na ya jamaa ndizo ambazo mgonjwa ana ruhusa ya kuziacha.

Udhu wake ni kama udhu wa siku zote, kwani kidonda hakimo katika viungo vya udhu. Akipatwa na janaba, aoshe mwili wote ulio mzima, apanguse juu ya bandeji kwa maji, na atayamamu kwa ajili ya mahali pasipofikiwa na maji. Damu ya kidonda chake mwenyewe, isipovuka mahali pake, imesamehewa. Ama mkojo uliolowesha bandeji, naye ahofia madhara akiuosha, basi asali kwa hali aliyo nayo kwa heshima ya wakati, kisha katika madhehebu yetu airudie sala hiyo akisha pona. Kwa hiyo yafaa ajihadhari anapokojoa, akaushe kwa upole, ili asijilimbikizie deni.

FASLU YA TANO: WIKI SITA

Aliye na mke asimwingilie hata zipite wiki sita, ijapokuwa aona ngozi imefunga. Ngozi mpya ni nyembamba, nayo hupasuka bila kuonekana, na mlango huo mdogo watosha kuingiza maradhi au kuyatoa. Utafiti uliofanywa Rakai na kutangazwa mwaka 2009, juu ya waume waliokuwa na virusi tayari, ulionyesha kwamba wake walioingiliwa kabla ya kidonda kupona walionekana kuambukizwa zaidi kuliko wake wa waliosubiri. Basi subira hii ni haki ya mke kabla ya kuwa haki ya mume. Na mume amweleze mkewe mapema hesabu ya siku, ili asimdhanie jambo jingine.

KHATIMA

Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara tusijitupe katika maangamizo kwa mikono yetu. Mtoto aliyetahiriwa ni amana juu ya babake, na mtu mzima ni amana juu ya nafsi yake. Baba awezaye kununua kanzu mpya na kuchinja mbuzi kwa ajili ya siku ya khitani, asishindwe kununua sabuni na kutoa nauli ya kumrudisha mtoto siku ya pili na siku ya saba. Sherehe yake ya haki na ifanywe baada ya wiki sita, mtoto akiwa mzima, ameketi pamoja na wageni wake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mponyaji, naye ndiye ajuaye zaidi.