Soma Barua Yote
Maandiko: Yeremia 28 na 29, Danieli 9:1-4

Jumapili iliyopita tulianza mafundisho juu ya kusoma Neno kila siku, na wengi mliniambia pale mlangoni kwamba nyinyi tayari mnasoma. Mstari unaingia kwa simu asubuhi na mapema, uko na picha ya maua na jua likichomoza, unajibu Amina, unawatumia wengine watano, unaenda kuoga. Siisemi vibaya hiyo tabia. Kuna asubuhi mstari wa namna hiyo umeniinua hata mimi. Lakini leo tuchukue mmoja ambao pengine ndio unatumwa kuliko yote hapa kwetu, Yeremia 29:11, tuone umetoka wapi.

Mnaujua. Ni ule Bwana anapowahakikishia watu wake kwamba anachowapangia ni kizuri, na kwamba mbele yao kuna tumaini. Huo mstari ni kipande cha barua. Iliandikwa na nabii Yeremia akiwa Yerusalemu, ikabebwa na wajumbe wawili wa mfalme Sedekia, Elasa na Gemaria, mpaka Babeli. Waliopelekewa ni watu waliochukuliwa mateka mwaka wa 597 kabla ya Kristo: mfalme Yekonia na mama yake, wakuu, mafundi, wahunzi. Watu wa maana kwao, sasa wanaishi ugenini chini ya mfalme asiyemjua Mungu wao. Wanataka kujua kitu kimoja tu: tunarudi lini?

Na walikuwa wameshapewa jibu tamu. Rudi nyuma sura moja. Nabii Hanania alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili Yekonia atarudi, na vyombo vyote vya hekalu vitarudi. Angalia Yeremia alivyojibu katika 28:6. Alisema Amina! Hata yeye alitamani iwe hivyo. Kisha Hanania akaitoa nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, akaivunja mbele ya watu. Naamini tungekuwa pale tungepiga makofi na vigelegele. Yeremia akaenda zake kimya. Baadaye Bwana akamrudisha na neno gumu: ile ya mti imevunjwa, mahali pake itakuja ya chuma. Hanania alikufa mwaka huo huo, mwezi wa saba.

Ndipo inakuja barua. Soma kuanzia mstari wa 5. Jengeni nyumba mkae ndani yake. Pandeni bustani, mle matunda yake. Oeni, mzae, watoto wenu nao waoe na kuolewa. Utafuteni usalama wa mji ule mlioko na kuuombea. Msidanganywe na manabii walio kati yenu. Halafu mstari wa 10: ni miaka 70. Baada ya hayo yote ndipo unafika kwa mstari wa 11.

Piga hesabu. Mtu aliyekuwa na miaka 40 siku barua iliposomwa hangeiona safari ya kurudi. Ahadi ilikuwa ya kweli, ila matunda yake wangeyaona wajukuu. Yeye aliambiwa ashike jembe.

Kwa nini nakaza hapa? Dada mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani ameniruhusu niseme habari yake bila jina. Alikuwa na kibanda cha chapati na maharagwe karibu na steji, na kilikuwa kinalipa karo. Mtu fulani anayehubiri mahali pengine alimpa Yeremia 29:11 na kumwambia kazi ya Qatar iko tayari, ndani ya miezi miwili atakuwa ameondoka. Akauza sufuria na jiko. Akampa mwenzake ile nafasi. Miezi minane ikapita. Alipokuja kwangu hakuwa anauliza habari za kazi, aliniuliza, "Mwalimu, ni mimi nimekosa imani ama ni Mungu amenidanganya?"

Hilo swali si dogo. Watu wameacha wokovu kwa sababu ya hilo swali. Sikumhubiria. Tulifungua Biblia yake, tukasoma sura ya 28 na 29 kwa sauti, yeye mstari, mimi mstari. Alipofika ule wa bustani akanyamaza, akausoma tena, kisha akasema, "Mbona huu sikusomewa?" Leo anapika tena, lakini kwa kona mbaya zaidi maana ile nafasi ya kwanza haikurudi. Bado anaiombea Qatar, na mimi naomba naye. Tofauti ni kwamba anaomba huku unga umekandwa.

Usifikiri ni tabia ya siku hizi tu. Ukimaliza hiyo sura ya 29 utakutana na Shemaya Mnehelami, mmoja wa mateka, aliyekasirishwa na barua hadi akaandika yake kwenda Yerusalemu, akamtaka kuhani Sefania amfunge Yeremia kama mwendawazimu. Kosa la Yeremia? Kusema itachukua muda mrefu, jengeni nyumba.

Lakini kulikuwa na mwingine aliyeyasoma maneno hayo vizuri. Danieli alipelekwa Babeli akiwa kijana, na tunapomkuta katika Danieli 9 ameishi huko zaidi ya miaka 60. Ni mzee. Ni mtu wa maono, mfasiri wa ndoto, malaika wanazungumza naye. Na bado ameketi na vitabu! Anasema mwenyewe kwamba alifahamu kwa kuvisoma, kuhusu ile miaka 70 aliyoambiwa Yeremia. Akafanya nini baada ya kufahamu? Hakuanza kufunga mizigo. Alifunga kula, akavaa gunia, akaomba toba kwa ajili yake na taifa lake. Yeremia 29:12-13 inasema watu watamwomba Mungu na kumtafuta kwa moyo wote. Danieli alifanya kile barua ilisema kifanyike.

Nasisitiza hapo kwa ajili ya wale wanaosema, "Sisi ni watu wa Roho, si wa maandishi." Ndugu yangu, Yohana 14:26 inasema Roho atatukumbusha. Mtu anakumbushwa kitu alichowahi kusikia. Kama hujasoma, unataka akukumbushe nini?

Sasa utasomaje? Anza na kitabu kimoja, uanzie sura ya kwanza, usiruke. Marko ina sura 16 tu. Agano Jipya lote lina sura 260. Ukisoma moja kila siku kwa siku tano za wiki, unamaliza kwa wiki 52 kamili, na Jumamosi na Jumapili zinabaki za kufidia ulizokosa. (Utakosa zingine. Mtoto ataugua, zamu ya usiku itakuchosha. Endelea ulipoachia, usianze upya kama mtu aliyefilisika.) Jiulize nani anasema, anawaambia akina nani, na nini kimetokea kabla ya hapo. Hilo la mwisho ndilo lingemwokolea yule dada sufuria zake. Kisha andika sentensi moja kwenye daftari, kwa maneno yako.

Na soma kwa sauti. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa kutafakari katika Zaburi 1:2 na Yoshua 1:8 ni "hagah", yaani kutamka kwa sauti ya chini. Isaya analitumia kwa njiwa anayelia na simba anayenguruma juu ya windo lake. Si kukaa kimya ukiwaza tu. Ni kuyarudia maneno mdomoni. Yule towashi Mkushi wa Matendo 8 alikuwa garini akisoma Isaya, na Filipo alimsikia. Kwa hivyo matatu si mahali pabaya pa kusomea, hata kama jirani atakuangalia mara mbili. Wenye macho yaliyochoka, mwombe mjukuu akusomee jioni, sura moja tu kabla ya taarifa ya habari. Yeye pia atakuwa amesoma.

Wiki hii tusome pamoja: Jumatatu Yeremia 27, Jumanne 28, Jumatano 29, Alhamisi 30, Ijumaa 31, na Jumamosi Danieli 9. Jumapili darasa la watu wazima linaanza kabla ya ibada ya kwanza. Kuja na Biblia na daftari, na kama kuna mstari uliotumiwa kwa simu wiki hii ukakusumbua, njoo nao, tutafungua sura yake yote.