Kipimo cha Pembe katika Msumeno wa Meza: Somo kwa Maseremala

Fundi wa Naivasha atengenezaye fremu ya kioo kwa mbao za saiprasi hukata ncha nane za digrii 45. Kipimo cha pembe kikikosea nusu digrii tu, makosa hayo hujumlika kuwa digrii 4, na pembe ya mwisho haifungiki.

Kwanza zima mashine, uchomoe na waya wa umeme. Linganisha kipimo na bamba la msumeno kwa skwea, isiguse meno. Kisha ukate ubao wenye kingo sambamba. Pindua kipande kimoja, uviunganishe tena kando ya rula. Uwazi ukionekana, hilo ni kosa maradufu. Rekebisha nusu yake, ujaribu tena. Pakiwa sawa, kaza skrubu ya kituo, ili kipimo kirudi papo hapo siku zote.

Ukitaka vipande vya urefu mmoja, funga kizuizi juu ya ubao ulioshikizwa kwenye kipimo hicho. Usitumie ukingo wa msumeno kuwa kizuizi, kwa maana kipande kilichobanwa kati yake na meno huweza kurushwa kwa nguvu na kukujeruhi. Pangusa vumbi la mbao kila mara. Likikusanyika penye kizuizi, vipande hupungua urefu.