SOMO LETU: KIPINDUPINDU NA CHAKULA CHA MATANGA



Wengi wetu tunakikumbuka kipindupindu cha mwaka wa 1997. Kuanzia Juni mwaka huo hadi Machi 1998, hospitali za Nyanza zilipokea wagonjwa 14,275, na watu 547 walikufa. Mwaka wa 2015 kilirudi Migori na Homa Bay. Uchunguzi wa ule ugonjwa wa 1997 ulionyesha walioshikwa zaidi: waliokunywa maji ya ziwa au ya mto, waliokula pamoja na mtu anayehara, na waliokula kwenye matanga.

Tuzungumze juu ya matanga, maana hapa Isebania tunazikana, na wengine huvuka kutoka Sirari kuja kulia nasi.

Ugonjwa unaingiaje? Vijidudu hutoka katika choo cha mgonjwa, hufika kwenye maji na mikono, halafu kwenye chakula, mwisho mdomoni. Si uchawi. Sasa tazama matanga: watu wengi, choo kimoja, maji ya mtoni, na beseni moja la kunawa linalozunguka kwa wote. Wa mwisho ananawa uchafu wa wenzake!

Hatusemi watu wasizikane. Kumfariji mfiwa ni tendo la huruma. Lakini kikundi kifanye hivi:

1. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini.
2. Watu wanawe kwa sabuni, maji yakimiminwa kwa jagi. Sabuni ikikosa, tumia jivu.
3. Chakula kiliwe kikiwa moto.
4. Aliyemhudumia mgonjwa wa kuhara, au kuosha maiti yake, asipike wala kupakua. Kama ni kipindupindu, maiti isioshwe kabla ya kuwaita watu wa afya.

Mtu akianza kuhara maji maji, msingoje kesho. Anaweza kufa kwa saa chache. Chukueni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anywe kidogo kidogo huku mkimpeleka hospitali.

Wengine huona aibu kumwambia mgeni anawe. Basi mwenyekiti atangaze mbele ya wote, kabla ya sala ya chakula, na yeye awe wa kwanza kunawa.

MASWALI YA KUJADILI
1. Katika matanga ya mwisho, maji yalitoka wapi?
2. Kikundi chetu kinaweza kununua mtungi wenye bomba na sabuni, viwe vinapelekwa kila penye msiba?
3. Nani atavitunza?