Chakula cha Mtoto na Shamba la Mzazi

Watu wengi hudhani ya kuwa ghala ikijaa mahindi, njaa imekwisha nyumbani. Sivyo. Mtoto aweza kushiba uji wa mahindi kila siku, na mwili wake usipate haja yake, kwa maana vyakula havifanyi kazi moja. Kazi zake ni tatu:

1. Kutia nguvu: mahindi, mtama, muhogo, viazi na mafuta.

2. Kujenga mwili: maharagwe, kunde, karanga, dagaa, mayai, maziwa na nyama.

3. Kulinda mwili: mchicha, majani ya maboga, maembe na mapapai.

Mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa fungu la kwanza tu huweza kupatwa na unyafuzi, hasa akiuguaugua. Daktari Cicely Williams aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1933 katika Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Wenyeji waliuita kwashiorkor, yaani maradhi ya mtoto aliyefuatwa na mdogo wake. Miguu huvimba, nywele hugeuka rangi na kung'oka upesi, naye hununa na kukataa chakula. Usidhani uvimbe huo ni unene. Mpeleke hospitali siku ile ile, maana ugonjwa huu huua.

Kinga yake huanza shambani. Panda kunde au maharagwe kati ya mistari ya mahindi, karanga kando yake, na mchicha karibu na nyumba. Fuga kuku. Ukivuna, usiuze yote: kwanza tenga akiba ya mtoto, ndipo upeleke sokoni. Kausha karanga vema, na zilizoota kuvu uzitupe, maana sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Mtoto na anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6. Kisha aanze kula, huku akiendelea kunyonya hata miaka 2 au zaidi. Tieni katika uji wake karanga zilizotwangwa laini, au maharagwe yaliyoiva sana na kupondwa. Atimizapo miezi 9 apewe chakula mara 3 au 4 kwa siku, katika bakuli lake mwenyewe, asije akapunjwa na wakubwa.

Wala kazi hii si ya mama peke yake. Baba auzaye maharagwe yote ndiye apunguzaye bakuli la mwanawe.